Deni la Tiba: Askari Aliyerudi Kazini Mucojo

Mucojo ni tarafa ya pwani katika wilaya ya Macomia, kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji wake husema Kimwani, lugha iliyo jirani mno na Kiswahili. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Chai, ndiko FRELIMO walikoanzisha vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Twapenda kuuliza hapa swali moja: askari aliporudi kutoka vitani akawa mwalimu, karani au muuguzi wa serikali, ni nani aliyepaswa kuyatibu majeraha aliyorudi nayo?

Wakati wa vita, jibu lilikuwa wazi. Tiba ilikuwa sehemu ya mapambano yenyewe. Majeruhi walibebwa kwa machela porini hadi kuvuka mto Ruvuma, na huko Mtwara, katika nchi ya Tanzania, FRELIMO walikuwa na hospitali yao iliyopewa jina la Daktari Américo Boavida wa Angola. Wanawake nao, ambao kikosi chao kiliundwa mwaka 1967, walichukua mizigo na kuwauguza wagonjwa.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Haukupita hata mwezi mmoja, tarehe 24 Julai, serikali ikataifisha huduma za afya. Si ajabu, kwani Rais Samora Machel mwenyewe alikuwa muuguzi kabla ya kujiunga na FRELIMO mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1977 ikaithibitisha tiba kuwa haki ya raia wote. Basi askari aliyepewa kazi ya serikali alitibiwa kama raia mwingine yeyote. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini mguu uliokatika hauponi kwa dawa ya homa, nao wahitaji huduma yake maalumu.

Vita vingine vikafuata, vikadumu hadi Mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Askari zaidi ya 90,000 wa pande zote mbili wakaachishwa jeshi, wakalipwa fedha za kuwasaidia kwa miaka miwili. Hicho kilikuwa kiinua mgongo chao. Lakini fedha huisha, na jeraha hubaki.

Sheria ya mwaka 2002 iliwatambua wapigania uhuru, na ile ya mwaka 2011 ikawajumuisha pia waliopigana katika vita vya baadaye, ikitaja tiba na dawa miongoni mwa haki zao. Aidha, mtumishi wa serikali hukatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya matibabu. Hivyo mwalimu aliyewahi kuwa askari ana milango miwili ya kubisha: mmoja kwa utumishi wake, wa pili kwa vita alivyopigana.

Lakini mlango hausimami pasipo nyumba. Mwezi Oktoba 2017 machafuko mapya yalizuka Mocímboa da Praia, yakaenea pwani yote. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga Macomia. Na mwezi Mei 2020 mji wa Macomia ukashambuliwa, watu wakakimbia pamoja na watumishi wao. Haki iliyoandikwa haimfai mgonjwa ikiwa zahanati imefungwa na muuguzi amehama.

Liko na jambo jingine linalotuhusu sisi walimu. Sheria hizo zimeandikwa kwa Kireno, na mzee asemaye Kimwani pekee huzisikia kwa kinywa cha mwingine. Asipofafanuliwa, huenda akaidhani tiba yake kuwa ni hisani ya mkubwa wa ofisi, akaipokea kwa kuomba na kunyenyekea. Tuwafundishe basi wanafunzi wetu kupambanua maneno haya: hisani hutolewa na apendaye, fidia hulipwa kwa kilichopotea, haki hudaiwa na mwenyewe. Tiba ya aliyeutoa mwili wake kwa ajili ya nchi si hisani. Ni deni, na deni halifutwi kwa kunyamaziwa.