Mtshali, Oswald Mbuyiseni
Mshairi wa Soweto, Afrika Kusini, aliyeandika kwa Kiingereza, ingawa lugha yake ya kwanza ni Kizulu. Alizaliwa Vryheid, Natal, mwaka 1940. Sheria za ubaguzi wa rangi zilimfungia mlango wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akawa tarishi mjini Johannesburg. Diwani yake ya kwanza, *Sounds of a Cowhide Drum* (1971), yenye utangulizi wa mwandishi Nadine Gordimer, iliuzwa sana, jambo la nadra kwa mashairi. Katika shairi lake moja humo, mbwa koko wanamrarua kichanga aliyetupwa jalalani. Mtshali hapazi sauti, na hapo ndipo makali yake yalipo. Baadaye alihamia Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Columbia. Diwani yake *Fireflames* (1980), aliyowatunukia wanafunzi wa Soweto, ilipigwa marufuku Afrika Kusini. Ina hasira zaidi, ufundi kidogo.