Mzazi Mlangoni mwa Chuo

Wazee wetu na ndugu wanachama, kabla ya kuhesabu fedha za karo yatupasa kutazama nyuma kidogo. Mwaka huu twapenda kueleza jinsi wazazi wa Gusii walivyoshirikishwa, au walivyosahauliwa, kila vijana wao walipotafutwa kujiunga na shule na vyuo.

Wamisheni Wakatoliki walipofika Nyabururu mwaka 1911, majonzi ya vita vya 1905 na 1908 yalikuwa hayajapoa. Si ajabu basi kwamba wazee wengi waliiona shule kuwa mlango mwingine wa Serikali iliyowatwalia ng'ombe wao. Tena mtoto alihitajiwa malishoni, na binti alingojewa kwa mahari. Wazazi hao hawakuwa wajinga, hawakuulizwa tu.

Baadaye kahawa, pareto na chai zilileta fedha, na karo ikatoka shambani. Mwaka 1959 vijana 81 waliposafirishwa kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, jamaa na majirani walichanga ili mwana wao asiende mikono mitupu.

Hapa kwetu, Baraza la Gusii lilitoa ekari 61, na mwaka 1965 kikaanzishwa juu yake chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikawa cha walimu wa sekondari, mwaka 1994 tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikatunukiwa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Kadhalika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, michango ya Harambee ilisimamisha chuo cha ufundi ambacho leo ni Politekniki ya Kitaifa ya Kisii. Mzazi aliyetoa shilingi yake hakuhitaji kubembelezwa ampeleke mwanawe huko, maana chuo kilikuwa chake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, nafasi za wanafunzi wanaofadhiliwa na Serikali hugawanywa na idara moja, kwa njia ya kompyuta. Kijana huenda peke yake kujaza chaguo lake, na mzazi hupata habari wakati wa kudaiwa karo. Mpango wa 2023 uligawa gharama kati ya ufadhili, mkopo na fungu la nyumbani. Lakini fungu la nyumbani litatoka wapi, ikiwa mwenye nyumba hakuambiwa? Hapo ndipo ng'ombe huuzwa kwa hasara, au kijana hurudi kabla ya kumaliza masomo.

Kwa hiyo twaomba vyuo vinavyotafuta wanafunzi vianze kwa wazazi, barazani na kanisani, vikaeleze kwa Ekegusii na Kiswahili karo ya miaka yote, malazi, na jinsi mkopo unavyolipwa. Wazazi nao waketi na mwana kabla ya fomu kujazwa, wamsikilize, na binti apewe haki sawa na kaka yake. Tena mpaka wa Kisii na Nyamira wapita hapa Keroka. Kila mzazi ajue mapema msaada wa karo wa mwanawe waombwa upande upi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wazazi wenzetu, tuwepo.