Nusu ya Ushuru, Moshi Mzima

Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya hutozwa ushuru wa bidhaa wa takriban shilingi 22. Dizeli, takriban shilingi 11. Tozo ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa hadi shilingi 25 mwaka 2024, haichagui kati ya hizo mbili, wala kodi ya ongezeko la thamani, iliyopandishwa hadi asilimia 16 mwaka 2023. Nafuu ya dizeli imejificha kwenye ushuru wa bidhaa, na kimazingira haina utetezi.

Wanaoitetea husema injini ya dizeli hula mafuta kidogo kwa mwendo uleule. Ni kweli. Lakini mwenye gari hilo ameshavuna faida yake pale kwenye pampu, kwa kununua lita chache. Kumpunguzia na ushuru ni kumlipa mara mbili. Isitoshe, lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Ya petroli, 2.3. Ushuru unaojali tabianchi ungeitoza dizeli zaidi ya petroli, si nusu yake.

Hayo ni ya anga. Mbotela, mtaa wa Nairobi, una ya puani. Barabara ya Jogoo iliyo jirani hubeba matatu za Eastlands, nyingi zikiwa Isuzu za dizeli. Foleni inapoachia, dereva hukanyaga asipitwe, na wingu jeusi humfikia mtoto usoni kabla halijamfikia mama aliyemshika mkono. Makanika atakwambia nozeli zimechoka, au pampu imefunguliwa ili gari livute. Tangu 2012, wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani huuhesabu moshi huo miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Ilikuwa hatua kubwa, ila mafuta safi hayatengenezi nozeli mbovu.

Basi dizeli ipandishwe tu? Hapo wataalamu wa mazingira huwa na pupa. Nauli itapanda, na mlipaji ni yuleyule anayevuta moshi. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 ili yasichanganywe na dizeli. Ulaghai ukapungukiwa faida, na waliopikia stovu wakaumia. Mwaka huohuo Ufaransa, iliyoibembeleza dizeli kwa miongo, ilipandisha kodi ya mafuta ikakutana na waandamanaji wa vizibao vya manjano barabarani.

Pengo la ushuru kati ya dizeli na petroli lizibwe polepole, na mapato yarudi kwa abiria: matatu iliyofaulu ukaguzi wa moshi ipunguziwe ada za leseni. Kwa sasa Prado ya dizeli iliyombeba mtu mmoja hupata, kwa kila lita, nafuu ileile ya matatu yenye abiria 33.