Msitu wa wafu

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili, mnisamehe. Nilikuwa Rungwe msibani, na njiani nikashuka Iringa siku mbili kwa kazi ya gazeti. Nimerudi na jambo ambalo mhariri wangu hakulitaka (“makaburi tena?”), basi nalimwaga hapa. Ni habari ya miti.

Tuanze na Iringa mjini, kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Uhuru. Waingereza waliuchukua mji huu kutoka kwa Wajerumani Agosti 1916. Makaburi yanatunzwa na tume iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1917, na utunzaji wake ni wa bustani: nyasi fupi, maua, mawe yaliyopangwa mistari. Ni pasafi kweli. Lakini nilikaa pale nusu saa na sikuona cha maana zaidi ya kunguru na mjusi mmoja. Kisha nikawafikiria wapagazi, babu zetu waliobeba mizigo ya vita hiyo wakafa njiani kwa njaa na kuhara. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Hao walifunikwa na pori tu, na hakuna anayejua ni pori lipi.

Kesho yake nilikwenda Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka mjini, njia ya Ruaha. Ndiko Mkwawa alikojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, baada ya kuwatesa Wajerumani miaka saba tangu alipowachakaza pale Lugalo. Kiwiliwili kilizikwa huko, kichwa kikaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954! Leo liko Kalenga kwenye makumbusho, na mwili uko Mlambalasi. Hayo mnayajua tangu shule ya msingi. Jambo ambalo hatukufundishwa ni kwamba chini ya miamba hiyohiyo wanaakiolojia wamechimba na kukuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, pamoja na magamba ya konokono wakubwa. Kwa hiyo Mkwawa alikwenda kufia mahali palipokuwa makaburi tayari. Nilipofika, pimbi walikuwa wanaota jua juu ya mawe, na ndege walipiga kelele mpaka kinasa sauti changu kikawa hakifai. Nililinganisha na bustani ya jana nikacheka mwenyewe.

Sasa twende kwetu. Kwa Wanyakyusa, malafyale, yaani chifu, alianza na mti na akaishia kwenye miti. Alipotawazwa, katika sherehe ya ubusoka, ilipandwa miti ya kuashiria utawala mpya. Alipokufa alizikwa kwenye kichaka ambacho hakuna aliyethubutu kukata hata kuni. Makuhani waliingia mle kutambika mvua ikikataa kunyesha au nchi ikipata maradhi. Vichaka vikubwa vilijulikana nchi nzima, kama Lubaga, kilichohusishwa na Lwembe. Godfrey na Monica Wilson waliokaa Rungwe miaka ya 1934 hadi 1938 wameandika mengi juu yake, na ni aibu kidogo kwamba mimi, mtoto wa huko, niliyajua kwanza kwenye maktaba ya chuo kikuu.

Ukitazama bonde lile kutoka juu, kila kipande ni migomba, chai, kahawa au viazi. Palipobaki na miti mikubwa ya asili nje ya hifadhi, uliza, mara nyingi utaambiwa kuna mtu amelala pale. Si Rungwe tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu misitu ya matambiko ya Wanyamwezi ulikuta ina aina nyingi zaidi za miti kuliko msitu wa hifadhi wa serikali uliolinganishwa nayo. Hakukuwa na bwana misitu, ila hofu. Na hofu hiyo ilikuwa na wenyewe: makuhani na machifu. Wamisionari wa Kimoravian walipofika mwaka 1891 walifundisha kwamba kichakani hamna kitu cha kuogopa, na mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu. Mimi ni Mmoravian na sitaki uchifu urudi. Lakini aliyeondoa mlinzi hakuweka mwingine.

Hapo ndipo mambo yananigusa. Miaka miwili iliyopita ukoo wetu ulichanga kuboresha makaburi ya nyumbani. Mimi nilituma laki moja kwa simu nikajisifu. Nilipofika safari hii nikakuta makaburi yote yamevaa marumaru nyeupe, saruji katikati, uzio wa waya. Mkuyu uliokuwa juu ya kaburi la babu mkubwa haupo. Huo ndio mti ambao tukiwa watoto tulikatazwa kuunyooshea kidole, na hondohondo walikuja kula matunda yake kila mwaka. Pembeni wamepanda milingoti sita.

Nilimuuliza baba mdogo.

“Mizizi ilikuwa inapasua kaburi, mwanangu,” akasema. “Na fundi alisema marumaru hazitakaa. Wewe si ulichanga?”

“Nilichanga, baba.”

“Basi ndiyo hela yako hiyo.”

Hakusema kwa ubaya. Akanionyesha kisiki, kipana kuliko meza yetu ya chumba cha habari. Ubavuni kilikuwa kimechipua, vijiti vitatu vyenye majani mabichi. Fundi anarudi mwezi wa nane kumalizia saruji upande huo. Nimemwomba baba mdogo asimame kwanza mpaka nije, na amesema atauliza wenzake kwenye kikao cha ukoo.