Maandishi ya Darasani Yatokapo Mikononi mwa Mwalimu

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi walio wengi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo notisi zilihamia kwenye simu. Mahali kama Rwamgasa, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita, simu moja ya mzazi iliweza kuwa maktaba ya nyumba nzima: kurasa za daftari zilizopigwa picha, zikapelekwa kwa WhatsApp, zikapokelewa na mtu asiyemjua aliyeziandika. Shule zilifunguliwa, lakini desturi hiyo imebaki.

Wako walimu wanaolilaumu jambo hili. Sisi Walutheri yatupasa kulaumu kwa uangalifu, kwa maana sehemu kubwa ya rafu zetu imejengwa kwa notisi za wanafunzi.

Philipp Melanchthon alipokuwa akifundisha Waraka kwa Warumi huko Wittenberg, muhtasari wake ulitolewa nje bila idhini yake. Alikiri kwamba aliyefanya hivyo alikuwa na bidii kuliko busara. Mwaka 1522 Luther mwenyewe (wala si mwanafunzi!) alichukua maelezo ya Melanchthon juu ya Warumi na Wakorintho, akayapeleka kupigwa chapa Nürnberg, na katika barua yake akajiita mwizi bila haya.

Hata hivyo notisi zote hazikupata bahati moja. Mihadhara ya Luther juu ya Wagalatia ya mwaka 1531 iliandikwa na Georg Rörer na wenzake. Kabla ya kitabu kutoka mwaka 1535, Luther aliandika dibaji akistaajabia wingi wa maneno yake, lakini akiyatambua mawazo kuwa ni yake. Mihadhara juu ya Mwanzo, ya mwaka 1535 hata 1545, ilitengenezwa na wahariri, na sehemu kubwa ilitoka baada ya kifo chake. Ndiyo maana wataalamu wangali wakibishana ni wapi asemapo Luther na ni wapi wasemapo wahariri.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kijana wa Rwamgasa. Si kwamba amepokea notisi za mwingine. Maskini asome nini? Ni kwamba karatasi ile haina jina, darasa wala mwaka, na kosa lililomo hupita simu hata simu bila mtu wa kulikana. Katika chumba cha mtihani yeye peke yake ndiye atakayelilipia.

Melanchthon hakupoteza siku zake kumwinda aliyeutoa muhtasari wake. Aliandika kitabu kilicho bora kuliko notisi zile, Loci communes, kikatoka mwaka 1521, naye akaendelea kukisahihisha hata chapa ya mwaka 1559, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake.