Gorogoro na Mita: Kisa cha Kipimo Mpakani

Mtu afikaye Busia au Malaba, katika upande wa Kenya, huona malori yamejipanga yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Uganda. Kando ya barabara yapo maduka ya vifaa vya umeme, na humo huuzwa mita za dijitali za kupimia umeme, ambazo mafundi wengi huziita testa. Mara nyingi mita mbili hulala juu ya meza moja. Moja hununuliwa kwa bei ya milo michache ya hotelini. Nyingine humgharimu fundi mapato ya siku nyingi. Zote mbili zina kioo cha tarakimu, kitufe cha kuzungusha, na nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Je, ni kweli katika jambo hili? Historia itatusaidia kujibu.

Katika nchi hii biashara ni ya kale kuliko mpaka. Mpaka mwaka 1902 nchi ilipo Busia na Malaba ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa na mstari wasiouchora wao. Walakini soko halikukoma. Watu wasiojuana walikutana, na shahidi wao alikuwa kipimo. Hata leo, mama anunuaye mahindi kwa gorogoro hulitazama kwanza kitako, kwani gorogoro lililobonyezwa huiba nafaka. Wizi huo huonekana kwa macho. Mita ya umeme nayo ni gorogoro, lakini kitako chake kimefichwa ndani.

Asili ya chombo hiki ni mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya upitao umeme. Kutokana na sindano hiyo vikatengenezwa vipimo vingi, kila kimoja kwa kazi yake. Donald Macadie, fundi wa Posta ya Uingereza, alichoka kubeba vyombo vingi kwa kazi moja, akabuni kimoja kilichounganisha vyote. Kilianza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la AVO, yaani ampea, volti na omu. Aina yake iliyosifika sana, ya nane, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2008. Kilikuwa kizito na cha bei kubwa, nacho kilitunzwa kama mali.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya Andrew Kay huko Kalifonia, Marekani, ilitoa kipimo cha volti kilichoandika tarakimu badala ya kuonyesha kwa sindano. Mwaka 1977 kampuni ya Fluke ikauza mita ya dijitali ya kushikwa mkononi. Kazi ngumu ya kupima ikaingizwa katika kipande kimoja kidogo cha silikoni, na viwanda vya Asia vikaweza kutoa mita kwa bei ndogo mno. Hivyo chombo kilichokuwa cha mafundi wachache kikamfikia kijana wa kijijini. Hiyo ni neema, wala haifai kuidharau.

Umeme nao ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 umeme wake ukaanza kuletwa Kenya kwa nyaya zilizopitia Tororo, karibu na Malaba. Pande zote mbili za mpaka hutumia volti 240 majumbani. Tena siku hizi nyumba nyingi zina paneli za jua na betri za volti 12.

Hapa ndipo tofauti ya mita mbili zile inapodhihirika. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.7 hivi, ikikaribia kwisha huonyesha 12 au pungufu. Tofauti ya kushiba na njaa haifiki volti moja. Mita ya rahisi, ikiwa nzima, yatosha kwa kazi hiyo. Lakini betri yake ya ndani ikichoka, yaweza kutoa tarakimu za uongo bila haya, na mwenye nyumba akapotoshwa kuhusu hali ya betri yake.

Kwa stima ya volti 240 hatari ni kubwa zaidi. Katika mita nyingi za rahisi, tundu la ampea 10 halina fyuzi. Fundi akisahau waya katika tundu hilo, kisha akagusa soketi ili apime volti, umeme mwingi hupita ghafula, na mita yaweza kupasuka mkononi. Mita bora ina fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga ili kuzima cheche, nyaya zenye ngozi imara, na alama ya daraja la usalama: CAT II kwa vyombo vinavyochomekwa katika soketi, CAT III kwa nyaya na bodi za umeme za jengo, na CAT IV pale umeme uingiapo kutoka nje. Gharama kubwa ya mita hiyo si kwa ajili ya tarakimu tu. Ni kwa ajili ya mkono unaoishika.

Serikali hazikulala. Shirika la ubora wa bidhaa la Kenya, KEBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga sheria ya viwango mwaka 2006. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Lakini mita hutoshea mfukoni, na alama yoyote yaweza kupigwa chapa na mwongo. Kwa hiyo mnunuzi naye ni mlinzi: aipime betri mpya ambayo volti zake zajulikana, ailinganishe mita hiyo na mita iliyoaminiwa, na asome maneno yaliyoandikwa kando ya matundu.

Basi methali ile ni kweli kwa kipimo chake. Mwanafunzi apimaye betri ya tochi asione haya kununua mita ya rahisi. Lakini afunguaye bodi ya umeme katika nyumba ya watu, na atumie chombo kinachostahili kazi hiyo. Gorogoro bovu huiba mahindi, na mahindi hulimwa tena. Mita mbovu yaweza kuiba uhai, nao haulimwi mara ya pili.