Droni na Vita vya Kisasa: Risto ya Manda Bay, Lamu, na Kwa Nini Kila Msee Anafaa Kukaa Rada

Ukibonga kuhusu droni na wasee wa Lamu, kuna watakaofikiria video za harusi na zile picha kali za ufuo wa Shela zilizopigwa kutoka juu. Kuna wengine watafikiria vita. Enyewe wote wako sawa, juu kaunti hii iko na watalii, bandari mpya, msitu wa Boni na kambi ya kijeshi, zote karibu karibu. Hii hapa risto nzima ya vile droni zinatumika vitani, vile zinazimwa, na vile zinamgusa mkaazi wa kawaida.

Droni ni nini hasa?

Ni ndege isiyo na rubani ndani. Mwenye kuiendesha anaweza kuwa mita mia mbili kutoka hapo, ama awe bara lingine kabisa. Kwa vita kuna aina tatu za kujua:

1. Zile kubwa kama MQ-9 Reaper ya Marekani na Bayraktar TB2 ya Uturuki. Zinakaa angani masaa mengi, zinapiga picha na kubeba makombora.
2. Za kujilipua, kama Shahed ya Iran. Hii haina kurudi nyumbani. Inaenda kulipuka.
3. Ndogo za dukani. Nyingi betri yake inaisha kwa kama nusu saa, lakini inatosha kupeleleza kambi ama kuangusha bomu dogo.

Kwa nini Lamu iko kwa hii story?

Juni 2014, al-Shabaab walivamia Mpeketoni na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 60. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni, ambayo baadaye iliitwa Amani Boni, kuwafurusha msituni. Tangu hapo barabara za huku zimemeza askari na raia wengi kwa mabomu ya kutegwa ardhini. Gari la kwanza kwa msafara ndilo huwa linaingiza baridi. Hapo ndipo jicho la angani lina kazi: linaweza kuona aliyechimba barabara usiku kabla gari lipite.

Manda Bay nayo iko ndani ya kambi ya wanamaji wa Kenya, upande wa bara. Usiichanganye na uwanja wa ndege wa Manda, ule wa kisiwani ambapo watalii hushukia. Wanajeshi wa Marekani wako hapo pia, sehemu inayoitwa Camp Simba, na kutoka uwanja wa ndege wa kambi hiyo wamekuwa wakirusha ndege za kupeleleza.

Januari 5, 2020: alfajiri mbaya

Sasa cheki hii. Kambi ambayo kazi yake ni kuangalia adui kutoka juu ilivamiwa na watu waliokuja kwa miguu.

Wapiganaji wa al-Shabaab kati ya 30 na 40 walipenya alfajiri hadi karibu na uwanja huo. Wakarusha roketi za begani. Moja iligonga ndege ya upelelezi aina ya Dash 8, yenye marubani ndani, ikiwa bado chini. Wamarekani watatu waliuawa: mwanajeshi mmoja na makandarasi wawili. Ndege sita ziliharibiwa. Ilichukua masaa mengi kabla uwanja wote kusafishwa.

Ripoti ya jeshi la Marekani iliyotoka Machi 2022 haikuficha maneno. Ilisema walinzi walikuwa wamelegea, hakuna aliyetarajia shambulizi kubwa hapo, na ulinzi haukuwa umeongezwa inavyofaa hata baada ya kazi ya kambi kubadilika. Macho yalikuwa yanaangalia Somalia. Ua la nyumbani likasahaulika.

Baada ya hapo

Septemba 2020, gazeti la New York Times liliripoti kwamba kamandi ya jeshi la Marekani barani Afrika ilikuwa inaomba ruhusa ya kutumia droni za silaha kwa sehemu za mashariki mwa Kenya. Ombi hilo lilihitaji kupitishwa na wakubwa Washington. Ukiwa Kanairo hiyo ni habari tu. Ukiwa Mwaweer unayeingia msitu wa Boni kutafuta asali, ni swali la maisha: kwa kamera iliyo juu sana, mrina asali na mpiganaji wanatofautishwaje?

Na hofu hiyo haikutoka hewani. Januari 2022, shambulizi la droni liliua zaidi ya watu 50 kwa kambi ya wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray, Ethiopia.

Desemba 2023, Marekani na Somalia zilifanya shambulizi la angani lililomuua Maalim Ayman huko kusini mwa Somalia. Huyu ndiye walisema alihusika kupanga ile ya Manda Bay. Kichwa chake kilikuwa kimewekewa zawadi ya hadi dola milioni 10.

Adui naye ako na droni

Zamani droni ilikuwa kitu cha serikali tajiri. Hiyo imeisha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti al-Shabaab wakitumia droni ndogo kupeleleza. Mwaka 2024, wengine wa UN wakaripoti kwamba kundi hilo limekaribiana na Wahouthi wa Yemen, mabingwa wa droni za kujilipua pale Bahari ya Shamu.

Hesabu yenyewe ni noma. Droni ndogo za vita vya Ukraine zinagharimu dola mia chache tu, tuseme elfu sitini hivi za Kenya. Kombora moja la Patriot ni karibu dola milioni 4, yaani nusu bilioni yetu. Hata ukilenga vizuri kila mara, mfuko wako ndio utaisha kwanza.

Unaizima aje?

Kwanza uione: kwa rada, kwa kunasa mawimbi ya redio, kwa kamera, hata kwa kusikiliza mlio. Kisha ujue ni ya nani. Januari 2024, kambi ya Marekani ya Tower 22 huko Jordan ilipigwa na droni, wanajeshi watatu wakafa. Maafisa walieleza kwamba ilifika wakati droni yao wenyewe ilikuwa inarudi, ikachanganya walinzi.

Halafu kuna njia za kuiangusha:

- Kujam mawimbi, ili ikose mawasiliano na anayeiendesha.
- Kuidanganya kwa GPS ya uongo, ijipate imepotea.
- Kuipiga: bunduki, nyavu, leza, kombora, ama droni nyingine ya kuiwinda.

Kila dawa ina mjanja wake. Ukraine na Urusi sasa zinarusha droni zinazovuta uzi mwembamba wa faiba. Hakuna mawimbi, kwa hivyo hakuna cha kujam.

Shida za Lamu

Lamu iko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kitu kidogo kinachoruka chini, nyuma ya mikoko, katikati ya ndege wa baharini na juu ya mawimbi, ni ngumu kwa rada kukishika. Upepo wa kusi unasumbua droni ndogo, lakini haupigi doria mwaka mzima.

Na kujam si bure. Mashariki ya Congo mwaka 2024, kuvurugwa kwa GPS kulisumbua hata ndege za misaada. Hebu fikiria hiyo Lamu, na boti ziko baharini usiku na ndege za abiria zinashuka Manda.

Uko na droni yako? Soma hapa

Kanuni za 2020 zinasema lazima uisajili na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Usiipandishe zaidi ya futi 400 kutoka ardhini. Kaa mbali na viwanja vya ndege, na usiirushe karibu na kambi za kijeshi bila ruhusa. Ukipuuza hayo huku, yule askari anayekuona hawezi kujua kama uko hapo kwa harusi ama kwa ubaya. Naye hana dakika kumi za kukuuliza.

Cha kushikanisha ni hiki: Manda Bay haikuangushwa na teknolojia ya juu. Iliangushwa na watu waliotembea. Na mtu anayetembea huonwa kwanza na mvuvi, mkata mikoko, msee wa bodaboda. Je, huyo mvuvi aliyezoea kupigwa marufuku kuvua usiku na kusimamishwa kila kizuizi, akiona kitu atapiga simu? Rada inaweza kununuliwa. Hiyo simu haiuzwi.

Wewe je, ukiona droni usiyoijua juu ya paa lako, utaambia nani?